Kijito Alichokihamisha Baba

Siku hizi watu wa mjini wameligundua bonde letu. Wanakuja Jumapili baada ya ibada, wanaegesha magari pale juu kwenye kona ya barabara, mahali ambapo vilima vya Matogoro vinaonekana vyote kwa pamoja. Chini yake wanaona nyasi za ranchi, ng'ombe wametapakaa, na kijito kinachoteremka kwenda kuutafuta mto Ruvuma. Wanapiga picha. Mwalimu mwenzangu, mgeni kutoka kanda ya ziwa, alinionyesha yake kwenye simu akasema, "Dada, kwenu pazuri. Hapa Mungu aliumba ametulia." Ilikuwa picha ya zamani kidogo, kijito bado kimejikunja karibu na nyumba za kijiji. Nikamwambia hapo kinapojikunja hakuumba Mungu, alichimba baba yangu. Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa namtania. Naweza kuwaonyesha kila hatua ya ule mkunjo, na nikimaliza kuwaonyesha hamtakuwa na hamu ya kupiga picha.

Bonde lilivyokuwa nikiwa mtoto ni hivi. Nyumba yetu iko juu, kwenye mteremko wa upande wa kijiji. Ukishuka unakuta bustani ya mama, udongo mweusi unaoshika unyevu hata mwezi wa tisa, na humo alilima maharage ya kiangazi, maboga na likolo, maana kwetu ugali bila mboga za majani hauitwi chakula. Ukipita bustani unapanda mwinuko mdogo mkavu wenye mkuyu mmoja. Hapo ndipo wamelala babu na bibi. Ukishuka upande wa pili wa mwinuko ndipo ulipokuwa unakikuta kijito, na ng'ambo ya kijito zinaanza nyasi za ranchi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Maji ndiyo yalikuwa mwisho wetu na mwanzo wa ng'ombe.

Kwa hiyo mama, kila alipotaka maji, alishuka mteremko, akapita bustani, akapanda mwinuko, akashuka, akachota, kisha akarudi njia hiyo hiyo na ndoo kichwani. Alikuwa na nyonga mbovu tangu alipomzaa mdogo wangu. Alikuwa akipanda ule mwinuko anachechemea, maji yanamwagika begani, na akifika nyumbani kanga imelowa mpaka kiunoni. Mimi na mdogo wangu tulimsaidia tulipoweza, lakini shule ilikuwa mbali na yeye hakuwa mtu wa kukaa na ndoo tupu akingoja watoto.

Baba alikuwa fundi wa maji wa ranchi. Cheo hicho alikipenda kuliko jina lake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji yanafika kwenye josho na kwenye mabirika ya kunyweshea, na kwamba hayafiki yasipotakiwa. Msidhani alikuwa mtu wa kuchimba. Wachimbaji aliwadharau kabisa, alisema wanagombana na ardhi bure. Yeye kiangazi, kijito kikiwa kimenywea, alikwenda na jembe, akaligeuza, akachora mstari ardhini kwa ncha ya bapa, kina chake kama kiganja. Aliondoa jiwe hapa, akasukuma gogo pale, kisha akarudi nyumbani kukaa. Watu walimwona mvivu. Masika yakija, maji ya vilimani yakishuka kwa fujo, yanaukuta ule mstari na kuufuata, yanaukata, na mvua zikiisha unakuta mfereji wa kumzamisha mtu mpaka kifuani.

"Mimi sichimbi," alikuwa akisema. "Mimi nayaonyesha njia tu. Yanachimba yenyewe."

Meneja wa wakati ule, mzee mmoja mpole, alilalamika kwamba upande wa ranchi nyasi zimekuwa tope tupu, ng'ombe wanazama, kwato zinaoza. Baba akamwambia kijito kinaweza kusogezwa kidogo kuelekea kijijini. Meneja akasema sogeza. Basi baba akapata alichokuwa anakitafuta. Kila kiangazi alichora mstari wake, kila masika kijito kikasogea, mwaka huu hatua mbili, mwaka mwingine tano. Ikachukua misimu kama minane. Halafu yakaja masika makubwa, na asubuhi moja tukaamka tukakuta kijito kimeruka mwinuko wote kwa kuuzungukia juu, kinapita chini ya mteremko wetu, hatua arobaini kutoka mlango wa jiko. Nilizihesabu mwenyewe kwa furaha.

Sijawahi kumwona baba akimshika mama mkono mbele za watu. Wanaume wa rika lake hawakuwa na mambo hayo. Lakini alimletea mto mlangoni, na asubuhi ile alisimama kwenye kizingiti akimwangalia akiinama na kuchota bila kuchechemea. Mama akamtania, "Mwanamume mwingine angeninunulia kanga." Baba akajifanya hakusikia, ila siku nzima alikuwa anapiga mluzi.

Tatizo dogo lilikuwa kwamba sasa bustani na mwinuko wenye makaburi vilikuwa ng'ambo ya maji. Tulilaza gogo, tukawa tunavuka. Nani angelalamika kwa gogo? Kijito cha zamani, kule nyuma ya mwinuko, kikakauka, kikaota majani, ng'ombe wakakanyagakanyaga kingo mpaka mtoto aliyezaliwa baada ya hapo usingeweza kumshawishi kwamba palikuwa na mto.

Mama alipofariki tulimvusha kwa gogo lile lile. Wanaume sita, jeneza begani, mmoja mmoja wakitafuta pa kukanyaga, na sisi nyuma tukiomba wasiteleze. Tulimzika mwinukoni, upande wa kulia wa mkuyu. Watu walipotawanyika baba alikwenda kando, akaviringisha jiwe kubwa, akaliweka kushoto kwa kaburi bichi, akaniita.

"Hapa ni pangu," akasema. "Usiwasikilize watakaokuambia mnipeleke kwingine. Umenisikia, mama?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, mama, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa kwanza na jina la mama yake ndilo langu. Nikamwambia nimesikia. Tangu siku ile hakuomba kitu kingine kwangu. Hakuomba hela, hakuomba nimjengee nyumba ya bati jipya, hakuomba nimlete mjini Ruhuwiko ninakoishi. Aliomba futi sita za udongo mkavu kando ya mkewe, na hizo ndizo nilizoshindwa kumpa. Ninaandika haya nikiwa na hasira, msinitake radhi wala mimi siwaombi.

Ranchi ilipata wenyewe wapya. Wapima ardhi wakaja, ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule ili majirani wa ranchi waukubali mpaka. Baba akanipigia simu: njoo, wewe ndiye unayesoma. Nilikwenda. Ilikuwa wiki ya kusahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, nilikuwa na marundo mawili ya karatasi mezani, na bodaboda aliyenileta nilikuwa nimemwambia asiondoke, nageuza sasa hivi.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema mpaka wa kaskazini wa ranchi utakuwa kijito. Nikaisoma kwa sauti, sauti yangu ya darasani, na watu wakatikisa vichwa. Mpaka ni kijito, sasa hilo nani hajui? Bibi mmoja jirani yetu, mkongwe, aliyekuwa amekaa chini na miguu ameinyoosha, ndiye pekee aliyeuliza, "Kijito kipi? Cha zamani au hiki?"

Kabla mpima hajafungua mdomo, baba akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na misiba. Akasema, na ninasikia mpaka leo alivyolitamka kwa raha, "Kijito kipo kimoja tu, bibi. Kile cha zamani nilikiua mwenyewe."

Watu wakacheka, wengine wakampigia makofi. Na mimi nikacheka. Binti wa fundi wa maji, mwalimu wa sekondari, mwenye shahada yake ukutani, nikacheka na kumwona baba yangu shujaa. Mtendaji wa kijiji akaleta pedi ya wino. Nikamwambia baba weka dole hapa, akaweka. Nikatoa leso nikamfuta wino kidoleni, nikapanda bodaboda, nikarudi kwenye mitihani yangu.

Nimejiuliza mara nyingi alikuwa anafikiri nini. Jibu nimelipata, na ni jibu la mtu wa kwetu. Kwake yeye, kila mtu alijua kwamba yale maji ameyahamisha yeye. Meneja wa zamani alijua, wachungaji walijua, kijiji kizima kilijua. Kwa hiyo ardhi yetu inaishia palepale ilipoishia siku zote, na kijito kilichopita katikati yake kilikuwa kazi ya mikono yake, mali yake, kama mtu anavyopitisha njia kwenye shamba lake. Hakuwaza kwamba atakuja mtu mwenye karatasi asiyejua habari hiyo na asiyeihitaji. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaza hivyo. Ndicho nilichosomeshwa.

Nguzo za seng'enge zilifika mwezi uliofuata. Baba aliwapelekea vijana wa kazi maji ya kunywa, akawasalimu, akawauliza mbona wanasimika nguzo huku bondeni badala ya kule nyuma. Wakamjibu, "Mzee, sisi tunafuata mto."

Alifika kwangu Ruhuwiko mchana ule, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaikataa chai, akasema, "Wamemchukua mama yako."

Nilianza kuzunguka ofisini. Mnajua wenyewe mzunguko wa ofisi: huyu yupo semina, yule faili liko kwa mwenzake, njoo Alhamisi. Nilipigwa danadana mpaka walinzi wa getini wakawa wananiita mwalimu wetu. Na kila mahali nilipofika walinifungulia karatasi ile ile na kunionyesha dole lile lile. Siku moja nilirudi nyumbani kijijini nimechoka, nikamtolea baba uvivu. Nikamwambia, "Nani alikutuma kusimama na kusema umekiua?" Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua macho. Akasema, "Nani alisoma karatasi?"

Hatukuzungumza wiki tatu. Sasa ningezitaka zile wiki tatu, na hakuna ofisi ya kwenda kuziomba.

Akaugua. Hospitali walituambia ini, wakatupa dawa na maneno ya kutuliza. Alipoanza kukonda niliacha mambo ya kudai ardhi, nikaenda kwa meneja mpya na ombi moja. Meneja huyu ni kijana kutoka mkoa mwingine, mstaarabu, ananiamkia shikamoo na kunivutia kiti. Ningependa angekuwa mshenzi, ingenirahisishia. Nikamwambia bustani chukueni, likolo litaota kwingine, mimi naomba kaburi moja, jiwe la mahali lipo tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye binafsi hana neno, ila hawezi kuruhusu maziko ndani ya ranchi bila makao makuu, ataandika barua. "Mama, naomba tu pasiwe na fujo yoyote hapa katikati," akasema. "Nikiwaandikia kuna utulivu, wataelewa."

Nikamwahidi utulivu.

Kiangazi hicho baba alipotea nyumbani tangu alfajiri. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu anayeishi pale, alinipigia simu nikaja mbio. Nilimkuta juu kabisa, chini ya vilima, kwenye ile kona alikoanzia kuuzungusha mto miaka ile. Seng'enge haijafika huko. Alikuwa ameligeuza jembe, anachora. Alikuwa amebaki mifupa na shati. Anachora hatua moja, anakaa, anapumua, anachora nyingine. Mstari wake ulitoka kwenye maji ukaelekea kwenye mdomo wa kijito cha zamani, umenyooka kama wa miaka ile yote. Alikuwa anaurudisha mto. Kama mpaka ni mto, basi mto utarudi kwao, na mama atarudi kwetu, na yeye atapata mahali pake. Hesabu yake ilikuwa rahisi hivyo.

Na mimi nikamnyang'anya jembe.

Nilimwambia, "Baba, utaniharibia. Barua imeshaandikwa. Wakisikia unachezea maji, basi tena." Alilishikilia mpini kwa nguvu aliyokuwa nayo, nayo haikuwa nguvu ya kushindana na mtu. Akasema, "Zimebaki hatua nne, mama. Nne tu."

Nililifunga jembe kwenye bodaboda, na jioni ile nikaenda kulificha chini ya kitanda changu Ruhuwiko. Yeye nilimrudisha nyumbani kwa bodaboda nyingine, nimemkumbatia kwa nyuma asianguke.

Alifariki kabla ya mvua. Barua ilikuwa haijajibiwa. Nilimpigia meneja, akapiga makao makuu nikimsikia, akaniambia kwa sauti ya kuumia kweli kwamba mhusika amesafiri. Maiti haimsubiri msafiri. Tulichimba kaburi nyuma ya nyumba, juu ya mteremko, mahali anapoweza kuona mwinuko kama waliolala wanaona. Katekista alisema marehemu amepumzika. Nilitaka kumuuliza amepumzika vipi, mbona hayuko alikotaka kupumzika, lakini nilikuwa nimeshikilia kikapu cha maua na watu walikuwa wananitazama. Meneja alikuja mazishini na gunia la mchele na mafuta ya kupikia. Alikaa na wanaume mpaka jioni. Ule wali niliupika na sikuula.

Masika yakaja. Zile hatua nne ambazo nilimkatalia, maji yalizimaliza yenyewe, usiku mmoja tu au mchana mmoja, hakuna aliyeyaona. Wifi alinipigia simu akasema njoo uone, mto umeondoka. Nikaja nikakuta kweli. Chini ya mteremko wetu kumebaki mchanga, vidimbwi na vyura, na seng'enge imesimama mahali pakavu inalinda hewa. Kule nyuma ya mwinuko, nyuma ya mkuyu, nyuma ya mama, maji yanapita kwa kelele kwenye mkondo wao wa zamani. Nilikaa chini nikalia, na sitawadanganya, nililia kwa furaha. Majirani walikuwa wanapeana mikono. Mpaka umerudi, walisema. Mzee amewashinda akiwa kaburini.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya ardhi nimevaa gauni langu zuri. Ofisa aliniacha nieleze yote. Kisha akafungua ramani, akaniwekea kidole kwenye vidoti vyekundu.

"Mwalimu, hizi ni bikoni, vigingi vya mpaka," akasema. "Wakati ule tuliufuata mto kwa sababu bikoni zilikuwa bado. Sasa zipo. Mto uende unakotaka, mpaka hausogei."

Nikamuuliza, yaani ulisogea mara moja tu, ulipokuja kwetu? Akasema ndivyo sheria ilivyo. Hakuwa na ubaya, alikuwa na njaa, ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo sasa hatuna makaburi, hatuna bustani na hatuna maji. Baba alitupa maji akatunyima ardhi bila kujua, kisha akayachukua maji alipokuwa anairudisha ardhi, na katikati yake nipo mimi na sauti yangu ya darasani na jembe chini ya kitanda. Namhesabia makosa baba, halafu nikifika kwenye yangu naacha kuhesabu. Ingekuwa mtu mwingine ningeshamsamehe.

Jibu la makao makuu lilikuja mwishowe, miezi baada ya msiba. Makaburi mapya hayaruhusiwi. Ila kwa ujirani mwema, na kwa kuwa kijiji hakina maji, wanawake wanaruhusiwa kupita getini Jumatano na Jumamosi kwenda kuchota kijitoni. Meneja aliniletea barua mwenyewe. Aliona amepigania kitu, nami nikamshukuru kama inavyotakiwa.

Jumamosi mimi huwa nyumbani, namsaidia wifi. Nashuka mteremko, napita getini, napita ilipokuwa bustani, ambayo sasa ni majani ya ng'ombe, napanda mwinuko, nashuka, nachota. Ni njia ya mama, hatua kwa hatua. Mara ya kwanza, wakati wa kurudi, nilipofika chini ya mkuyu nilipunguza mwendo nitue ndoo nipumzike kidogo pale kwao. Mlinzi alikuwa ananifuata nyuma. Ni kijana wa hapa hapa, nilimfundisha kidato cha pili, alikuwa mzuri wa hesabu. Akakohoa.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Naomba usisimame hapa. Nimeambiwa ruhusa ni ya maji tu."

Nilimwuliza kama hata kupumzisha shingo hairuhusiwi. Akaangalia viatu vyake. Ana watoto wawili, kazi hiyo ndiyo aliyo nayo. Jiwe la baba bado lipo pale, kushoto kwa mama, na ule upande wake mkavu hakuna aliyelala. Nilipita hatua mbili kutoka kwake, na kwa kuwa ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, sikuweza hata kugeuza kichwa kulitazama.